Daktari anayepima hatari ya saratani ya ini hapigi ramli

 

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu watu wengi wanaoishi na maradhi ya ini ya muda mrefu, na sehemu kubwa yao wana virusi vya homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivyo. Hao si watu wa mbali. Ni jirani, ni shemeji, ni mwenzako wa safu ya mbele msikitini. Wanafanya kazi, wanaswali, wanafunga, na hawaumwi popote, kwani ini halina tabia ya kulalamika mapema. Wengi hushtuka siku tumbo limejaa maji na macho yamekuwa manjano, na mara nyingi siku hiyo uvimbe umekwisha kuwa mkubwa.

Mgonjwa wa namna hiyo akienda hospitali, daktari anaweza kumwambia: kwa umri wako na kwa damu yako hii, katika kila watu mia moja wenye hali kama yako, kadhaa hupata saratani ya ini ndani ya miaka mitano. Hapo ndipo fitna inapoanzia. Yuko anayetoka akinung'unika kuwa daktari anajifanya anajua ghaibu. Mwingine anasema kuuliza habari za miaka mitano ijayo ni sawa na kumwendea mpiga ramli, na yeye ni mtu wa tawhid, hataki shirki. Basi harudi tena. Laiti angekuwa amechoka tu na foleni ya hospitali, tungemwelewa. Lakini anaacha kipimo kwa jina la dini, na dini haikumtuma.

Ni kweli Uislamu umeufunga mlango wa ramli. Katika hadith aliyoipokea Imam Muslim tunafundishwa kwamba anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, swala zake hazikubaliwi kwa masiku arubaini. Na mwisho wa Suratul Luqman tunajulishwa kuwa hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala itafia ardhi gani. Hilo halina mjadala. Lakini mpiga ramli anafanya nini? Anauliza jina la mama yako, anachora mchanga wake, kisha anadai kuwa wewe, fulani bin fulani, utafikwa na jambo kadha. Hana kipimo, na akikosea hana wa kumsahihisha.

Sasa mtazame daktari. Kipo kipimo kinachoitwa PAGE-B, kilichochapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatiliwa Wazungu wapatao 1,800 waliokuwa wakitumia dawa za homa ya ini B. Kinatazama mambo matatu tu: umri, jinsia, na idadi ya chembe sahani, yaani zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Chini ya miaka 30 hakuna alama. Miaka 30 hadi 39 ni alama 2, na kila muongo unaofuata unaongeza 2, hadi 10 kwa mwenye miaka 70 na zaidi. Mwanamume anapewa 6, mwanamke hapewi kitu. Chembe sahani zikiwa 200,000 au zaidi katika mikrolita ya damu hakuna alama, zikiwa chini ya hapo ni 6, zikishuka chini ya 100,000 ni 9. Mwanamke wa miaka 35 mwenye chembe 220,000 ana alama 2. Mwanamume wa miaka 55 mwenye chembe 150,000 ana alama 18.

Kwa nini chembe sahani? Kwa sababu ini likijaa makovu, damu hushindwa kupita humo kwa urahisi, hurudi nyuma na kujaa kwenye bandama. Bandama huvimba na kuzizuia chembe hizo, hivyo katika mishipa zinapungua. Chembe chache ni dalili ya ini lililoanza kusinyaa, na huonekana katika kipimo cha damu cha kawaida kabisa. Ni sawa na mama anayeona wingu zito akakimbilia kuanua nguo. Nani atamwambia amedai kujua ghaibu?

Katika kundi la kwanza lililotumika kukitengeneza kipimo hicho, waliokuwa na alama 9 au chini hawakupata saratani katika miaka mitano. Waliofikisha 18 na zaidi, takriban 17 katika kila mia waliipata. Ndugu yangu, zingatia hapo. Kama 17 waliipata, basi 83 hawakuipata. Nani atakuwa katika 17 na nani katika 83? Hilo daktari halijui, wala hakudai kulijua. Elimu yake inakomea hapo, na mbele yake ni ghaibu ya Mwenyezi Mungu.

Lipo jambo jingine ambalo sisi Waafrika tusilipuuze. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa watu wa kwingine, na kwetu saratani ya ini huwahi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya wagonjwa wa saratani hii kutoka nchi kadhaa za Afrika, na ukiiondoa Misri, nusu yao walikuwa na umri wa miaka 46 au chini. Wengi wetu tuliambukizwa virusi tukiwa wachanga, ama na mama wakati wa kuzaliwa ama na watoto wenzetu. Halafu tunakula mahindi na karanga zilizoota ukungu, na sumukuvu iliyomo ikikutana na virusi vya B hatari huzidi maradufu. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo kijana mwenye virusi, ambaye baba au kaka yake amefariki kwa saratani ya ini, asidanganyike na alama chache za umri. Amweleze daktari habari za nyumbani kwao.

Na tawakkul je? Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham na kuambiwa kuna tauni, aliamua kurejea. Abu Ubaida (r.a.) akamhoji vipi anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kuwa wanatoka katika qadar ya Allah na kwenda katika qadar ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha ni kwa qadar. Aliyeambiwa ana hatari naye anachagua upande wa bonde.

Upande wenye majani ni upi? Ni kumeza dawa kama daktari alivyoagiza, kwani hupunguza hatari ingawa haiiondoi yote, na kupiga altrasaundi ya ini kila miezi sita. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, huweza kukatwa au kuunguzwa. Hatukatazi dua wala ruqya. Tunachokataza ni kuchemsha mizizi isiyojulikana kipimo chake na kulitwisha ini bovu mzigo mwingine.

Tatizo la fedha lipo, hatulikatai. Lakini misikiti yetu inajua kuchangisha. Maiti ikitakiwa kusafirishwa, baada ya Ijumaa moja tu nauli imepatikana. Masikini aliye hai anayekosa fedha za altrasaundi mbili kwa mwaka mbona hatumpitishii kapu? Huyo ni fukara, na fukara ana haki katika zaka.

Mke au mume apimwe, na asiye na virusi achanjwe. Tanzania iliingiza chanjo hii katika chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Kula sahani moja na kupeana mkono hakuambukizi, basi tusiwatenge ndugu zetu.

Kuhusu Ramadhani, dawa ya tenofovia ni kidonge kimoja kwa siku, na huweza kumezwa baada ya futari au wakati wa daku. Ila ambaye ini lake limekwisha sinyaa, amuulize daktari kuhusu kufunga kabla mwezi haujaandama.