Mizunguko 530 Hadi Mkwakwani

Baba alikuwa na kitambaa chekundu alichokifunga kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele. Akipanda baiskeli hasemi. Anakanyaga pedali polepole, macho chini, midomo ikichezacheza, na ole wako umwamkie njiani: shikamoo yako ilisubiri mpaka afike alikokuwa akienda. Kila kitambaa kilipopita juu, alihesabu moja. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea kama mita 2.2, kwa hiyo mwenye subira anaweza kuupima mji mzima bila futi wala kamba. Toka mlango wetu wa Ngamiani hadi lango la uwanja wa Mkwakwani ilikuwa mizunguko 530. Aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumbani, chini ya vimo vyetu sisi watoto.

Kwa mtu wa namna hiyo, Ngamiani ilikuwa pepo ya duniani. Kwingine Tanga mitaa ina majina. Kwetu ina namba. Unaishi Barabara ya 4, unachumbia Barabara ya 12, unagombana na fundi cherehani wa Barabara ya 17. Baba alishabikia Coastal Union. Mama kwao walikuwa African Sports mpaka paka wa nyumbani. Siku timu hizo zikikutana, chakula kilipikwa mapema, maana jioni hapakuwa na wa kuaminika jikoni.

Alifundisha hisabati sekondari. Wanafunzi wake wa zamani, sasa wenye mvi kunizidi, bado wanasimulia kipindi kimoja cha Februari 1974. Tarehe 2 ya mwezi huo Filbert Bayi alikuwa ameshinda mita 1,500 kule Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Bara haikuwa na televisheni, ingekaa miaka 20 mingine bila hiyo. Habari zile watu walizinywa redioni. Baba aliingia darasani, akaandika ubaoni namba mbili tu, 1,500 na 212.2, akakaa. Wakakokotoa wenyewe: sekunde 14 na ushee kwa kila mita 100, sekunde 56.6 kwa mzunguko wa uwanja. Akawatoa nje, saa mkononi. “Bayi amekwenda mizunguko mitatu na robo tatu. Ninyi nipeni mmoja.” Hakuna aliyeshuka chini ya sekunde 60, na mmoja alitapika.

Waliporudi darasani, wanahema, akawauliza swali ambalo halikuwa na jibu ubaoni. Bayi aliongoza toka mwanzo mpaka utepe, wenzake wakimfukuza. Je, ile 56.6 inaonyesha hilo? Wakakaa kimya. “Wastani hausemi nani alitangulia,” akawaambia, akafuta ubao.

Sasa mimi. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, hisabati nilipata F. Mtoto wa mwalimu. Majirani walijua kabla yangu. Nisimtakase marehemu kupita kiasi: kunifundisha kulimshinda. Alichokiona yeye kwa mara moja alidhani na wewe umekiona, na ukimwomba arudie alirudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Siku mbili baada ya matokeo hakunisemesha. Ilikuwa mwaka 1988. Siku ya tatu, Jumamosi, akaipigapiga kerea ya baiskeli kwa kiganja. Nikapanda. Nilihisi midomo yake inahesabu hata kwa mgongo.

Mkwakwani tulikaa mzunguko, juani, karanga kati yetu. Mtihani hakuutaja. Kipindi cha kwanza kilipochanganya akaniuliza, “Namba sita wao anakosea wapi?”

Nikamwambia anaufuata mpira, anamwacha namba kumi wetu peke yake.

“Na kipa wao, mbona ametoka?”

“Ili mshambuliaji asilione goli lote. Akisogea mbele, goli linakuwa dogo.”

Alimenya karanga mbili, akanipa moja. “Hiyo ni pembe,” akasema. “Imo kwenye kitabu cha kidato cha pili.” Hakuongeza neno mpaka filimbi ya mwisho.

Mwaka ule Coastal walichukua ubingwa wa nchi. Mimi nilirudia mtihani nikapata D. Zote mbili alizisherehekea, na sijawahi kujua ipi ilimfurahisha zaidi. Nadhani ni ubingwa, ila Mama anakataa.

Mtaani walimhitaji kwa kazi nyingine. Mtu akifariki, madeni yakishalipwa na wasia ukishatekelezwa, sheikh humtaja kila mrithi na haki yake, kisha huitwa mwenye kalamu nyepesi apige mafungu. Mjane mwenye watoto ana thumni, ndiyo hiyohiyo iliyotupa sumni, senti 50 za zamani. Kinachobaki, mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili ya dada yake. Ukiwa na wake wawili, mama mzazi aliye hai na watoto tisa, karatasi hujaa. Baba aliifanya kazi ile kwa miaka mingi, kwa kikombe cha kahawa, na hakuwahi kusimulia nyumbani nani alipata nini.

Ikafika zamu yake. Wazazi wake walishatangulia zamani. Alimwacha Mama na sisi watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Sheikh akaanza kuandika, akasita, akaiweka kalamu. Mama thumni moja, zikabaki saba. Kaka zetu mbili mbili, hizo nne. Sisi dada moja moja, hizo tatu. Zimekwisha, hapana baki. “Huyu bwana,” akasema sheikh, “hata watoto alizaa kwa hesabu!” Mama ndiye aliyeanza kucheka, na matanga bado yako ndani.

Baiskeli haikugawika kwa nane. Hakuna aliyeitaka, nikaichukua mimi.

Juzi mjukuu wangu wa miaka 11 aliisoma ile chaki. Mama hajaruhusu mlango ule upakwe rangi. Akafunga kitambaa kwenye spoku, akaondoka, akarudi anatweta na furaha ya mtu aliyemkamata mkubwa.

“Bibi, alikosea! Ni 541.”

Nikainama, nikalibonyeza tairi la mbele kwa dole gumba. Likabonyea mpaka karibu na ringi. Tairi likilegea, gurudumu linakuwa dogo. Kwa njia ileile litazunguka mara nyingi zaidi.

“Lete pampu,” nikamwambia, “halafu uende tena.”