Kinachoinua na Kinachoshikilia

Katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Mabatini na Igogo mpaka Buhongwa na Igoma, pikipiki hulala ndani. Usiku ukiingia husukumwa juu ya ubao uliolazwa mlangoni, ikapitishwa kati ya makochi na kuegeshwa kando ya kabati la vyombo, huku watoto wakikanywa wasiiguse kwa kuwa bomba la moshi halijapoa. Hakuna mgeni anayeshangaa. Kila mtu anajua kwamba hapo ndipo ilipo ada ya shule, ndipo ilipo kodi ya nyumba, na pengine ndilo deni la mkataba ambalo bado halijaisha. Lakini mali hiyo hiyo inayopewa nafasi sebuleni, siku ikidai kukazwa cheni au kufunguliwa gurudumu, hutolewa nje ikaegemezwa ukutani, ikapachikwa juu ya kreti la soda, au ikawekewa jiwe chini ya injini, maana mawe Mwanza hayanunuliwi. Tunaikinga na mwizi kwa bidii ambayo hatuitumii kuikinga na uchakavu. Kwa nini hasara inayoletwa na mkono wa mwingine ituume kuliko ile tunayoilea wenyewe, kidogo kidogo, kila siku?

Huenda sehemu ya jibu imo katika historia ya usafiri wa Kanda ya Ziwa. Kabla pikipiki hazijatapakaa, hii ilikuwa nchi ya baiskeli. Baiskeli ilibeba pamba, ikabeba maziwa na mkaa, ikampeleka mgonjwa zahanati, na vijana wakaishi kwa kupakia abiria nyuma. Ikiharibika ilipinduliwa tu: kiti na usukani chini, magurudumu juu, fundi akachuchumaa mbele yake na kila kitu kikawa wazi machoni pake. Haikudai kifaa cha kuisimamisha. Pikipiki ilikuja na masharti mengine. Ndani yake mna petroli na oili, vitu visivyotaka kupinduliwa, na Boxer na TVS zinazojaa barabarani kwetu zina uzito wa kati ya kilo 100 na 130 kabla abiria hajapanda. Biashara ya bodaboda ilipowekewa kanuni zake mwaka 2010, yalizungumzwa ya leseni na ya kofia ngumu. Namna ya kukiinua chombo chenyewe ili kitazamwe tumboni iliachwa kwa kila mtu na fundi wake. Tukapokea chombo kizito kwa mazoea ya chombo chepesi.

Anayetafuta leo kifaa cha kufanyia matengenezo nyumbani hukuta vitu vya aina mbili ambavyo kwa haraka hufanana. Kuna kinachoinua na kuna kinachoshikilia. Jeki, iwe ya mkasi au ya mafuta, ni ya kuinua. Ile ya mafuta, sili yake ikichakaa, hushuka polepole bila kumtahadharisha aliyeingiza mkono chini, na ile ya mkasi ina kikalio chembamba ambacho hulala upande mara tu pikipiki inaposukumwa na spana iliyogoma. Stendi haina nguvu ya kuonyesha. Kazi yake nzima ni kutosogea. Fundi mwangalifu huinua kwa jeki, akaweka chini ya fremu kitu imara, ndipo akaanza kazi. Lakini dukani jicho la mnunuzi huvutwa na kile kinachoinua, kwa kuwa kinang'aa, kina mpini, na uwezo wake unajulikana papo hapo. Cha kushikilia husifiwa kwa jambo ambalo ni vigumu kulitangaza, kwamba saa nzima imepita na hakuna kilichotokea.

Ukweli ni kwamba mwenye pikipiki ndogo hahitaji makubwa. Stendi ya katikati iliyokuja na chombo chenyewe humtosha kwa kazi nyingi. Gurudumu la nyuma huachana na ardhi, cheni ikakazwa na kupakwa mafuta, oili ikamwagwa. Upungufu wake huonekana siku ya kutoa gurudumu la mbele, kwa sababu pua ya pikipiki huinama, na hapo ndipo kreti la soda huitwa kazini. Stendi zinazotoka nje, zile za kunyanyua nyuma, nyingi zilibuniwa kwa ajili ya pikipiki kubwa zenye vifundo maalumu vya kushikwa kando ya gurudumu, na Boxer haina vifundo hivyo. Kwa hiyo mara nyingi jibu lililo karibu ni la fundi wa kuchomelea. Akipelekewa pikipiki yenyewe aipime, anaweza kutengeneza kwa bomba la mraba kitu chenye miguu mipana, chenye mpira juu, kinachogusa fremu bila kuegemea bomba la moshi wala nati ya kumwagia oili, na ambacho mtu mmoja anaweza kukiweka bila kuita majirani.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna suala la uwanja. Mwanza imejengwa vilimani na juu ya miamba, na ua ulio sawasawa ni neema ambayo si kila nyumba ya Isamilo au Mabatini inayo. Kipimo cha oili husema kweli pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Mahali penye mteremko hudanganya, na mwenye chombo akaongeza oili isiyohitajika au akaacha kuongeza inayohitajika. Stendi iliyosimama barabara juu ya sakafu ya duka, mguu wake mmoja huzama kwenye udongo wa ua uliolowa mvua ya usiku. Ndiyo maana mtu mwenye busara hutafuta kwanza sakafu yake ya saruji au ubao mpana, na bei ya stendi akaiuliza baadaye. Kuna unyenyekevu fulani katika mpangilio huo. Anayeanza na uwanja amekubali kwamba kifaa bora cha jirani hakitamfaa yeye kwa sababu tu kimemfaa jirani, na kwamba kujua udhaifu wa mahali unaposimama ni sehemu ya kusimama vizuri. Ni wangapi kati yetu tunaoanza na uwanja?

Jiji hili limejifunza somo hilo kwa vyombo vikubwa zaidi. Serikali ilipoamua kujenga meli mpya katika bandari ya Mwanza Kusini, ilibidi pajengwe na chelezo, mahali ambapo meli huvutwa kutoka majini, ikashikiliwa pakavu na kutazamwa chini. MV Mwanza, inayoweza kuchukua abiria 1200, iliteremshwa ziwani tarehe 12 Februari 2023, na picha za siku hiyo zilienea nchi nzima. Chelezo kilichoibeba hakikushangiliwa namna ile. Na bado hapa hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini kinachobeba watu kitazamwe kabla, kisingojewe mpaka baadaye. Makaburi ya Igoma yana waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na mji unayapita kila siku ukielekea kazini. Meli na bodaboda hazilingani kwa ukubwa. Dai lake aliyekaa ndani ya ile na dai lake aliyepakiwa nyuma ya hii ni moja, kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyetulia akachungulia chini.

Kutulia, basi, ndiko kwenye ugumu. Kijana wa mkataba hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku, na hesabu haiulizi kama leo cheni imelegea. Asubuhi anayoitumia kuinua chombo chake ni asubuhi ya abiria aliowakosa, na fedha aliyoikosa inatoka mfukoni mwake, wakati chombo bado ni cha mwingine. Stendi inamwambia asimame, mkataba unamwambia akimbie. Tukimwona anapita na breki zinazolia tunamwita mzembe, na pengine ni mzembe kweli. Lakini tumewahi kuuliza ni nani aliyepanga siku yake hata ikakosa nafasi ya kusimama? Mwenye pikipiki anayesema, "Jumamosi asubuhi usilete kitu, iangalie vizuri," amempa kijana wake kitu ambacho hakiandikwi kwenye mkataba wowote, na labda amejitendea wema mwenyewe bila kujua.

Nasi kama jamii tuna mapenzi makubwa na kuinua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu wenye heshima, na pikipiki ni miongoni mwa vitu ambavyo vikundi vya vijana huvipata kupitia mlango huo. Siku ya makabidhiano huwa na turubai, viti, hotuba na funguo zinazoinuliwa juu mbele ya kamera. Hapana lawama katika furaha hiyo. Aliyekuwa chini lazima ainuliwe. Lakini kazi ya kumshikilia aliyeinuliwa haina turubai. Hufanywa na fundi anayemruhusu kijana aangalie na kuuliza badala ya kumfukuza, na baba anayemwita binti yake ashike tochi wakati anakaza cheni, ili naye ajue kilichomo. Hufanywa pia na mjumbe wa kikundi anayekumbusha kwamba marejesho hayatoki kwenye pikipiki iliyokufa. Hawa hawaonekani kwa sababu ile ile inayoifanya stendi isionekane, kwamba wakifanya vyema hakuna linalotokea.

Mtu akiamua kununua au kuchongesha stendi yake mwenyewe, hajamdharau fundi wala hajawa fundi. Amejipa fursa ya kukijua kwa karibu kile anachokitegemea, na siku akienda gereji ataeleza tatizo kwa maneno yanayoeleweka, akauliza na bei bila aibu. Hilo ni jambo ambalo mtu mmoja anaweza kulimaliza katika ua wake. Lile la wengi linabaki mezani. Anayempa kijana pikipiki, awe mzazi, mwajiri au halmashauri, hukokotoa bei ya chombo, kofia, leseni na tarehe za marejesho. Je, katika hesabu hiyo ameweka siku ya kusimama, na kitu cha kusimamishia?