Ukishindwa Kusali, Kubali Kubebwa



Wapendwa vijana, katika Injili ya Marko sura ya 2, yule aliyepooza hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Watu wanne walimbeba, wakatoboa paa, wakamshusha. Na Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Yao, si ya mgonjwa peke yake!

Baba yangu alipofariki nilishindwa kabisa kusali. Nikishika rozari, maneno hayatoki. Wanajumuiya wakaja nyumbani jioni 9 mfululizo kwa novena. Akina mama wa WAWATA walipika, vijana wa VIWAWA walichota maji. Mimi nilikaa tu mkekani, kimya, wao wakasali kwa niaba yangu. Hakuna aliyeniambia "jikaze".

Kijana mwenzangu, kama leo moyo wako umepooza, usijifungie chumbani na simu. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya, katekista au paroko: "Nimeelemewa." Inatosha kuanzia hapo.

Na wewe uliye mzima, jiulize: nani hajaonekana jumuiyani wiki hii? Nenda kamgongee hodi. Yule mgonjwa alihitaji wabebaji wanne. Huenda anayekosekana ni wewe.

Ee Yesu, utufanye wabebaji wa wenzetu. Amina.