Ajuaye Mahali pa Mwamba

Atazamaye Ziwa Victoria kutoka vilima vya Mwanza huyaona mawe makubwa yaliyopandana, jingine juu ya jingine, na mengine yamesimama katikati ya maji kama lile liitwalo Bismarck. Mgeni huyastaajabia, hupiga picha, kisha huenda zake. Lakini mvuvi ayatazamapo huwaza habari za mawe mengine, yale yasiyoonekana. Maana mawe ya nchi kavu na mawe ya ziwani ni ukoo mmoja, wala ukoo huo haukomi pale maji yanapoanza. Hushuka chini, huinuka tena mbali na ufuko, na mara nyingine hufika hata kubakiza dhiraa moja tu chini ya uso wa maji. Hapo ndipo mtumbwi hupasuka ubao, au boti ya mashine huvunja pangaboi lake, na watu huwa majini kabla hawajatambua lililowapata.

Wengi hudhani kwamba hatari ya ziwa ni kina chake. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na Ziwa Victoria, ingawa eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, halizidi sana mita 80 mahali palipo na kina kuliko pote. Asiyejua kuogelea atakufa katika mita tatu kama atakavyokufa katika elfu. Na chombo hakivunjwi na maji mengi. Huvunjwa na maji machache yaliyolala juu ya kitu kigumu.

Tena mwamba hauna desturi ya kujionyesha sawasawa kwa kila kizazi. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 yalikuwa yameshuka mno, hata magati mengine yakaachwa juu. Mwezi Mei 2020 yalipanda tena, na kipimo cha Jinja kikaonyesha mita 13.42, kupita kidogo kile cha mwaka 1964. Basi jiwe ambalo mwaka 2006 ndege walitua juu yake na watoto wakalichezea, mwaka 2020 lilikuwa limefunikwa. Baba alilijua kwa macho. Mwana hulijua kwa kusikia, kama baba alikumbuka kumwambia.

Neno hilo “kama” ndilo tunalotaka kulipima leo. Mtu ajuaye mahali pa mwamba, je, ana deni la kuwaambia wasiojua? Hatusemi juu ya mwanawe, wala jirani wa mwalo wake, maana hao atawaambia bila kuhimizwa. Twasema juu ya mgeni apitaye na mashua yake, ambaye hakuuliza neno, na ambaye hatamwona tena. Akinyamaza, amekosa? Mwamba hakuuweka yeye. Mashua hakuisukuma yeye. Alikaa kimya tu ufukoni, akitengeneza nyavu zake.

Swali hili si geni. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia kisa cha mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa. Mtu huyo alijua kwamba nyuma yake zinakuja merikebu nyingine nyingi zenye shehena kama yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ianguke. Au anyamaze, auze kwa bei ya njaa? Mwalimu mmoja wa zamani, Diogenes wa Babeli, alisema kwamba kunyamaza ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine, wala muuzaji hapaswi kueleza kila lenye faida kwa mnunuzi. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa: watu wamefungamanishwa wao kwa wao kwa asili yao, na anyamazaye kwa faida yake, akijua kwamba mwenzake angalipenda kujua, huyo anaficha. Cicero alimuunga mkono mwanafunzi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, aliitazama mizani ile ile kwa makini zaidi. Juu ya nafaka hakuwa mkali: muuzaji auzaye kwa bei ya siku ile hakosi haki, ingawa akisema anatenda vizuri zaidi. Lakini kitu kikiwa na kasoro iliyofichika, na kasoro hiyo ikaweza kuleta hasara au hatari, muuzaji amefungwa kuisema. Nyumba iliyo karibu kuanguka haiuzwi kama nyumba imara. Chakula kilichooza hakiuzwi kama chakula kizima. Tena alitofautisha kasoro iliyo wazi na ile isiyoonekana: iliyo wazi, mnunuzi ana macho, isiyoonekana, macho yake ni ya yule ajuaye.

Mtu yeyote aliyewahi kuvuka ziwa ataona jinsi maneno hayo yanavyolingana na safari ya majini. Abiria apandapo chombo amekuwa kama kipofu. Haoni chini ya maji, hajui ubao upi umeoza, hana njia ya kujua kama majaketi ya kuokolea yaliyofungwa chini ya viti yanatosha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, na chombo chenyewe kiliruhusiwa kubeba 101. Hakuna mwamba uliopigwa katika misiba hiyo miwili. Twaitaja kwa kuwa, kwa mama aliyekaa na mtoto wake mapajani, idadi ya watu waliopakiwa ilikuwa imefichika kama jiwe la chini ya maji. Yeye aliona mabega ya jirani zake tu. Apokeaye nauli amepokea pamoja nayo deni la kujua kwa niaba ya abiria, na la kusema, na la kukataa kung'oa nanga. Hilo ni suala la haki tupu, wala hatuoni kwamba lahitaji maneno mengi.

Lililo gumu ni la mvuvi.

Ugumu huo haufahamiki vema na waandikao sheria mbali na maji. Mwamba wa chini ya ziwa ni hatari kwa mashua, lakini ni nyumba kwa samaki. Furu wa aina nyingi hukaa katika mawe wala hawatoki. Na palipo na samaki wadogo, wakubwa huwafuata. Mvuvi aliyegundua mahali hapo aliyajua kwa gharama: pengine alipasua mtumbwi, pengine alipoteza nyavu zilizokwama. Tangu hapo mahali pale hulisha watoto wake na kulipa karo ya shule. Mwambie aweke dumu jeupe lielee juu ya jiwe lile, nawe umemwambia abandike tangazo mlangoni pa ghala yake. Kesho mitumbwi ishirini itakuwa pale.

Basi mvuvi aweza kujibu: “Niliyoyajua nimeyalipia. Kwa nini mgeni apewe bure?” Hatuwezi kumcheka. Hasara yake ni ya kweli, na mafundisho ya maadili yasiyoitambua hasara ya maskini hayastahili kusikilizwa na maskini. Lakini tumwombe apambanue mambo mawili yaliyofungwa pamoja katika ujuzi wake. Moja ni kwamba hapa pana samaki. La pili ni kwamba hapa pana kifo. La kwanza ni kama nafaka ya Rhodes: aweza kulinyamazia, na hakuna mtu atakayemwita mwivi. La pili si mali yake, kwa kuwa hakuna awezaye kuwa na mali katika uhai wa mtu mwingine. Na kama haiwezekani kulisema la pili pasipo kulifichua la kwanza, lile lililo jepesi lazima lilifuate lile lililo zito. Tunapoungama mwanzoni mwa Misa hatutaji mawazo, maneno na vitendo peke yake. Twataja pia wajibu tusioutimiza.

Hata hivyo yatupasa kuongeza neno ambalo aghalabu husahauliwa. Deni hilo si la mvuvi peke yake. Wote wapitao salama kwa sababu ya dumu lake wamepokea kitu kutoka mfukoni mwake. Mwalo wenye akili ungeliweza kukubaliana kwamba aliyeonyesha mwamba atatangulia kutega hapo kwa muda fulani, au kwamba boti za abiria zipitazo njia ile zichange kidogo kwa ajili yake. Jambo hilo lingekuwa jema kuliko kumhubiria mtu mwenye njaa juu ya ukarimu, huku sisi wenyewe hatutoi kitu.

Kuna aina nyingine ya hatari iliyofichika, na hapo hukumu yetu ni kali zaidi. Jiwe liliwekwa na Muumba. Kisiki kiliachwa na sisi. Watu walipojenga bwawa la Akosombo nchini Ghana, lililokamilika mwaka 1965, maji ya mto Volta yalifunika nchi ya kilomita za mraba zipatazo 8,500, watu kama 80,000 wakahamishwa, na sehemu kubwa ya msitu ikaachwa imesimama ndani ya ziwa. Miti hiyo ilikufa, vichwa vyake vikakatika, na shina zake zingali zikingoja chini ya maji. Mwezi Aprili 2006 mashua iliyojaa watu waliokuwa wakiondolewa katika hifadhi ya Digya iligonga kisiki ikapinduka, na watu wengi wakafa. Wala huo haukuwa msiba wa pekee katika ziwa lile. Kwetu Tanzania, apitaye bwawa la Mtera, lililojengwa katika mto Ruaha Mkuu, ataona miti mikavu ikitokeza majini. Ile inayotokeza si ya kutisha sana. Kadhalika maji ya mwaka 2020 yalifunika kuta za nyumba, nguzo za uzio na magati madogo kandokando ya Ziwa Victoria, na si yote yaliyobomolewa.

Juu ya mambo ya namna hiyo kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, chatoa hukumu fupi: mtu akichimba shimo akaliacha wazi, na mnyama wa jirani akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Haulizwi kama alikusudia. Haulizwi kama mnyama alikuwa na macho. Basi mwenye kuvuna umeme wa bwawa, au samaki wake, au mwenye kubakiza nguzo ya gati lake la zamani chini ya maji, asiseme kwamba ajali ni bahati mbaya ya nahodha. Kisiki ni shimo lake.

Na vipi juu ya wale waibao maboya? Maana wapo. Boya huwekwa leo kuonyesha mlango salama wa ghuba, kesho limekatwa, limekuwa kielea cha wavu wa mtu. Taa ya jua iliyo juu yake inaangaza duka. Mtu huyo hudhani ameiba chuma na plastiki. Ameiba macho ya wote watakaopita hapo usiku. Hatujui jina la dhambi yake katika orodha za wezi, ila hatuthubutu kuiweka karibu na wizi wa kuku.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba kuipima miamba ni kazi ya serikali. Ni kweli, na Tanzania, Uganda na Kenya zina wajibu mmoja juu ya maji hayo, kwa kuwa mwamba haujui mpaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 afisa wa majini aitwaye Whitehouse alizunguka ufuko wa ziwa hilo akiupima, siku za bildi, yaani kamba yenye uzito wa risasi mwishoni. Siku hizi viko vyombo vya kusikiliza mwangwi wa sauti kutoka chini ya maji, na kazi ya mwaka mzima hufanyika kwa siku chache. Lakini ramani nzuri kuliko zote haifiki katika mtumbwi wa mbao usio na taa, na ujuzi uliomo vichwani mwa wazee wa Ukerewe, Kome na Goziba haumo katika ramani yoyote. Wazee hao wanakufa.

Vikundi vya BMU vilivyoko katika mialo tayari vina madaftari ya mitumbwi na wavuvi. Daftari moja zaidi lingetosha: jina la jiwe katika lugha ya mahali, dalili zake mbili za nchi kavu, kama mti na mlima zikutanapo, na kina cha maji juu yake wakati wa ukame. Vijana wa shule waweza kuandika, wazee wakisimulia. Mwezi Oktoba, kabla ya vuli, maji huwa yamepungua na vichwa vingi hukaribia juu. Rangi nyeupe hushika vema juu ya jiwe kavu, na kopo moja hutosha mawe kadhaa.