Rangi ya Kwanza Ndiyo Uso

Miongoni mwa kazi ndogo ambazo mikono ya watu wazima huzifanya kwa mapenzi, na ambazo mpita njia huzihesabu kuwa mchezo wa watoto, iko moja iliyonishughulisha moyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, nayo ni kutia rangi bodi za plastiki angavu za magari madogo ya rimoti. Magari hayo, ambayo aghalabu huwa sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, yalienea duniani kwa bidii ya Wajapani, hasa kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, iliyotoa gari lake la kwanza la namna hiyo, mfano wa Porsche 934, mwaka 1976. Bodi ninazozizungumzia hufanyizwa kwa bamba la polikaboneti, plastiki iliyovumbuliwa mwaka 1953 na wanakemia wawili, Hermann Schnell wa Ujerumani na Daniel Fox wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake. Bamba hupashwa moto hata likalegea, likalazwa juu ya kalibu, hewa ikafyonzwa chini yake, nalo likashika umbo la gari zima, jepesi kama ganda la yai na angavu kama maji ya kisima.

Rangi haitiwi nje. Gari litapinduka, litaburuzwa juu ya changarawe, litagonga kuta na magari mengine, na rangi iliyo nje ingebanduka siku ya kwanza. Basi mtiaji rangi huishika bodi chali mfano wa bakuli, akaiosha kwa sabuni ya vyombo ili mafuta ya kiwandani na ya vidole vyake yaondoke, akaziba madirisha kwa vibandiko, kisha akapuliza upande wa ndani, tabaka nyembamba baada ya tabaka nyembamba, rangi iliyofanyizwa makusudi kwa plastiki hii, kwa kuwa rangi nyingine haiishiki sawasawa, hupasuka na kuambuka bodi inapopindika. Plastiki yenyewe huwa ndiyo ngao na ndiyo mng'aro.

Kwa sababu hiyo utaratibu wote wa uchoraji hupinduka. Mchoraji wa ukuta huanza na msingi, akaja na mwili wa picha, akamaliza kwa mapambo madogo, na akikosea leo, kesho hulifunika kosa lake kwa rangi nyingine. Mtiaji rangi wa bodi angavu huanza na yale ambayo mwenzake humalizia, yaani mstari mwembamba, namba, kivuli, ndimi za moto ubavuni. Rangi za kiza hutangulia na nyeupe hufuata, kwa maana kiza kikikaa nyuma ya nuru huififiza. Na ile rangi pana ya mwili mzima huja baada ya yote. Kilichotangulia ndicho kionekanacho, na kila kinachofuata hukaa nyuma yake.

Nilipojaribu kwa mara ya kwanza, mkono wangu ulifuata ada. Nilipuliza nyeupe bodi nzima, nikangoja ikauke, nikatia juu yake mstari mwekundu kwa uangalifu wa saa nzima, nikauona mzuri. Kisha nikaigeuza bodi. Kwa nje palikuwa na nyeupe tupu. Mstari wangu ulikuwapo, na ningeweza kuapa kwamba upo, lakini ulikuwa nyuma ya weupe niliouweka kwa haraka, pasi na kufikiri, nikidhani ni msingi tu na kwamba kazi yenyewe ingali mbele. Nilikaa na bodi ile mapajani jioni nzima, na tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: katika amali ya mtu, uso wake ni upi, mwanzo ama hatima?

Wanazuoni wametufundisha mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa juujuu hugombana. Hadithi inayofungua kitabu cha Imamu Bukhari, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi kabla hawajaijua maana yake, huzifungamanisha amali na nia, yaani na lile lililotangulia tendo ndani ya moyo. Na katika kitabu hicho hicho iko nyingine inayozifungamanisha amali na mwisho wake, ikamtia hofu aliyetenda mema umri wake wote, na ikampa matumaini aliyepotea akarejea jioni ya maisha yake. Nilikuwa nikizisoma mbili hizi kama mizani mbili, nisijue nipimwe kwa ipi. Mstari wangu mwekundu ulinionya kwanza kuhusu nia: kwamba nia si lile ninalosema nimelikusudia, maana nilikusudia mstari mwekundu kwa moyo wote, bali ni lile nililolitia mwanzo, hata kama nililitia bila ya kulizingatia.

Sanaa ya kuanzia mwisho haikuzaliwa na plastiki. Nchini Senegali wako wachoraji wanaochora nyuma ya kioo, kazi iitwayo suwer, neno lililotokana na Kifaransa, na sura ya Sheikh Amadou Bamba, aliyefariki mwaka 1927, imechorwa hivyo mara nyingi kwa ajili ya nyumba za muridi wake. Mchoraji hutanguliza mistari myeusi ya nyuso na mboni za macho, ndipo nguo, ndipo mbingu. Na anayetaka kuandika jina tukufu kwa hati ya Kiarabu hana budi kuliandika kinyume, mkono ukitoka kushoto kwenda kulia, ili aliye upande wa pili alisome sawasawa. Naona adabu kubwa katika jambo hilo, mtu kukubali kwamba anachokiandika hakisomeki alipo yeye, bali alipo Yule anayemwandikia.

Ama kuhusu mwisho, bodi ile ile imenifundisha. Rangi za kuwaka, kama njano kali na waridi, zikiachwa peke yake ni hafifu. Mwanga huzipenya ukapotea, na nyaya za ndani zikaonekana. Ziegemeze weupe, zitaurudisha mwanga. Ziegemeze weusi, zitakufa. Na nyekundu ipenyekayo, ukiiegemeza rangi ya fedha, hupata kina kama cha kito. Tabaka la mwisho, basi, halisogezi mpaka wa mstari wa kwanza wala halifuti nukta yake, lakini bila yake mstari ule haupati nuru. Ndivyo ninavyoielewa toba sasa. Sisemi juu ya msamaha wa Mola, usiopimwa kwa rangi wala kwa akili yangu. Nasema juu ya mtu na jana yake. Aliyemdhulumu jirani, kisha akamrudishia haki yake na kumtumikia miaka ishirini, hakuwa mtu asiyepata kudhulumu. Dhuluma ile ingali pale ilipoanza. Lakini nyuma yake imesimama miaka ishirini, na anayemtazama mtu huyo humwona kwa mwanga unaorudi kutoka huko.

Bodi hutoka kiwandani imevikwa kwa nje ngozi nyembamba ya plastiki ili vumbi la rangi lisiishike, na muda wote wa kazi mtiaji rangi huuona mgongo tu wa alichokifanya. Bodi yangu ya pili niliianza na mstari. Nilipokwisha kuiegemeza nyeupe, nikaibandua ngozi ile kuanzia ukingo wa boneti, polepole, hata ikatoka yote. Mstari ulikuwa mbele, mwekundu, umenyooka toka taa hadi nyuma. Na karibu na mlango, pale rangi ilipopenya chini ya utepe nisijue, palikuwa na jino dogo jekundu lililotoka nje ya mpaka, nalo linang'aa sawa na mstari wenyewe.