Mkalimani Hakulia



Somo letu la wiki hii ni Mwanzo sura ya 42, pale ndugu zake Yusufu walipofika Misri kutafuta nafaka. Wengi tunaikumbuka sura hii kwa ajili ya njaa, magunia na fedha zilizorudishwa kimyakimya. Naomba tukae kwenye mstari wa 23, ambao wasomaji wengi huupita mbio. Ndugu wale wanasemezana wao kwa wao mbele ya mkuu wa nchi, ambaye ndiye Yusufu mwenyewe. Hawana habari kwamba anawaelewa, kwa kuwa kati yao amesimama mkalimani. Wanakumbushana walivyomtenda mdogo wao, alivyowasihi nao wakamzibia masikio. Mkuu wa nchi anajitenga kando, analia, kisha anarudi kuendelea na kazi yake.

Mkalimani yule alizijua lugha zote mbili, na ndiyo kazi iliyomweka mjini. Kila neno lililosemwa alilipata. Lakini hakulia. Hakuwahi kuliona lile shimo ambamo ndugu wale walimtupa mdogo wao. Hakumjua Reubeni ni nani katika nyumba ya Yakobo, wala hakujua kwa nini watu wazima kumi waanze kulaumiana ghafla mbele ya mgeni. Maneno alikuwa nayo, kisa hakuwa nacho. Yusufu alielewa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndani ya kisa.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya watoto wetu wa Kidato cha Kwanza. Mtoto wa hapa kwetu Biharamulo anasoma miaka yote ya shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Nyumbani kwao pengine husemwa Kisubi, Kizinza, Kihangaza, Kihaya au Kisukuma, kutegemea kijiji na ukoo. Akivuka kwenda sekondari, baiolojia, jiografia na fizikia zote zinamjia kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya mwalimu anayekimbizana na muhtasari. Jambo hili si geni. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walichunguza shule za nchi hii na kueleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikuwatosha kujifunzia masomo mengine. Waliokuwa wanafunzi mwaka ule leo wana wajukuu shuleni.

Vijana wetu walianza wenyewe kukutana Jumamosi kufanya mazoezi ya kusikiliza. Utaratibu wao ni mwepesi: mmoja anasoma kifungu cha Kiingereza kwa sauti, au wanakicheza kwenye simu, kisha wote wanajibu maswali. Vifungu wanavitoa kwenye vitabu vya zamani na mtandaoni, na vingi vinahusu maisha ya kila siku ya watu wa Ulaya na Marekani: familia mezani, safari ya treni, duka kubwa, mbwa anayelala ndani ya nyumba.

Siku niliyokaa nao kilisomwa kifungu kuhusu mvulana anayetoka nyumbani asubuhi. Mama yake anamwita mlangoni na kumkabidhi glovu. Mvulana anazivaa, anakwenda kusubiri basi. Swali la tatu liliuliza kwa nini mvulana alivaa glovu. Kitabu kilitaka jibu kwamba kulikuwa na baridi kali, na kweli mwishoni mwa kifungu kulikuwa na neno la theluji lililosomwa kwa haraka. Binti mmoja aliandika kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa kwamba mvulana yule alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Wenzake walicheka. Aliyekuwa anasahihisha akapiga mkasi.

Nilimuuliza binti amelipataje jibu hilo. Akasema, tena kwa utulivu, kwamba glovu anaziona kliniki tu, mikononi mwa nesi. Na mtu anayetoka na glovu nyumbani asubuhi, akapewa na mama yake kwa uangalifu namna ile, bila shaka anakwenda mahali pa kazi ya heshima. Mimi ningempa alama zote. Neno alilisikia, na tena alilifikiria kuliko waliocheka. Kilichomkosesha ni kwamba hajawahi kuiona asubuhi ambayo vidole hufa ganzi njiani. Katika darasa lile yeye alikuwa yule mkalimani wa Misri, naye aliandikiwa kosa la Kiingereza wakati Kiingereza hakikuwa na kosa.

Sasa ligeuze. Mchukue mtoto wa Manchester umsomee, kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa, habari ya watu wa Kagera wanaokesha chini ya taa kali na mabati yaliyosimamishwa, na asubuhi nyumba nzima imekaa inanyonyoa mabawa. Muulize watu hao wanafanya nini. Atayasikia maneno yote na hatajua kwamba ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Je, tumwite kilaza?

Neno hilo, kilaza, nalisikia mno vinywani mwa watu wazima, hata wa kanisani. Ziko shule katika nchi zetu ambako mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Sijui tulitarajia nini. Sikio la mtu anayeogopa husikia kitu kimoja tu, nacho ni hatua za anayekuja kumwadhibu.

Waliowahi kuifanya kwa uzito kazi ya kuwazoeza watu kusikiliza Kiingereza walianza kwa kumhurumia msikilizaji. Mwezi Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi kwa ajili ya wasikilizaji wa nchi nyingine: msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na msomaji akisoma polepole kuliko kawaida. Watu wengi duniani waliokuwa na redio ya mkulima tu, bila mwalimu, walijifunzia hapo. Nawasihi vijana wetu wafuate huruma ile ile. Msomaji asome mara ya kwanza kalamu zikiwa mezani, watu wasikilize tu wapate habari yenyewe: nani, wapi, kumetokea nini. Mara ya pili waandike. Mara ya tatu wahakikishe, hasa namba, maana kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza husikika kama mapacha, na hapo ndipo wengi huanguka.

Lakini juu ya yote nawaomba wabadili vifungu. Anzeni na maisha mnayoyajua. Andikeni kwa Kiingereza habari ya stendi ya Nyakanazi saa kumi na moja alfajiri, basi la Kigoma likiita abiria na la Kahama likiunguruma. Andikeni habari ya mrina asali wa misitu yetu, ya dereva wa lori aliyelala Lusahunga akisubiri kuendelea mpakani, Rusumo au Kabanga, ya msiba na namna majirani wanavyoleta kuni na maji bila kuitwa. Mtoto akisikia kifungu cha namna hiyo, nusu ya kazi imeshafanywa na maisha yake. Anabaki kupambana na lugha peke yake. Akishapata nguvu hapo, mpelekeni Kampala, halafu Mumbai, halafu Manchester na theluji yake. Na kabla ya kumsomea theluji, mwelezeni theluji ni nini. Si udanganyifu kumwandaa mtu kabla ya kumjaribu.

Tena tusijidanganye kwamba Kiingereza watakachokutana nacho kitatoka London. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka uliofuata ikaingia Jumuiya ya Madola. Kijana wetu atakayepata kazi kwenye kituo cha pamoja cha forodha atamsikiliza Mnyarwanda. Atakayekuwa mwongozaji katika Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, leo atampokea Mjerumani, kesho Mkorea, na kila mmoja atakuja na Kiingereza cha kwao. Sikio lililozoea sauti moja ya kaseti litapata tabu.

Yupo atakayeuliza: Mchungaji, haya ni ya mwalimu wa Kiingereza, wewe yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu kanisa ni mahali pa kusikiliza, na sisi hatujambo kwa kusema.

Wenye umri wanajua kusikiliza huko kunavyohitajika, maana wanaukumbuka mwisho wa Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya huko, na Benaco, iliyokuwa sehemu tulivu ya Ngara, ikawa mji wa maturubai. Wahangaza, wenyeji wa Ngara, hawakuhitaji mkalimani, kwa kuwa Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za nyumba moja. Maneno ya wageni waliyaelewa tangu siku ya kwanza. Lakini kuelewa yaliyokuwa nyuma ya maneno lilikuwa jambo jingine. Katika umati ule walikuwamo waliofiwa na walikuwamo waliofisha, wote wakiomba maji kwa lugha ile ile. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera pale Ngara, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa imekuwa kuwawezesha wakimbizi na wenyeji kusikia habari zao wenyewe kwa lugha wanazozielewa. Naiheshimu kazi ile. Ilitambua kwamba mtu aliyepoteza kila kitu anahitaji pia kusemeshwa akaelewa.

Nasi je? Jumapili katibu anasimama na karatasi ya matangazo, anaisoma kwa kasi ya mnada, na mabibi wa viti vya nyuma, ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, wanatoka wakiuliza mkutano ni lini. Wahubiri nasi tumezoea kuchomeka Kiingereza katikati ya mahubiri ili yanoge. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa injili ambako mhubiri, mwenyeji kabisa wa mkoa huu, alihubiri kwa Kiswahili, na pembeni yake mkalimani akapaza sauti kwa Kiingereza sentensi baada ya sentensi. Niliangaza macho uwanja mzima nimwone aliyekuwa akitafsiriwa. Hakuwapo. Mahubiri yakachukua muda maradufu na jua likatuchoma wote sawasawa.

Katika 2 Wafalme 18 wako viongozi wa Yerusalemu waliomwomba mjumbe wa Ashuru aseme nao Kiaramu, lugha ya wakubwa, ili watu walioketi ukutani wasielewe. Mjumbe yule alikuwa adui na nia yake ilikuwa kutisha. Hata hivyo alikataa, akapaza sauti kwa lugha ya watu wa ukutani, akijua kwamba watakaoumia mji ukizingirwa ni wao. Inasikitisha kuona adui aliwajali walioketi ukutani, kwa hila yake, kuliko wakubwa wao walivyowajali kwa hekima yao. Kila ninapoona fomu ya hospitali, mkataba wa mkopo au hati ya kiwanja iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwekewa dole gumba la mzee asiyeelewa hata mstari mmoja, nawakumbuka viongozi wale.

Kwa hiyo sipingi watoto kujifunza Kiingereza. Nataka wakijue vizuri, ili siku moja mmoja wao akae karibu na mzee yule kabla hajaweka dole gumba, amweleze karatasi inasema nini. Nataka binti wa glovu awe kweli mwanafunzi wa udaktari, na akiisha kuhitimu amsikilize mgonjwa wa Nyakahura anayesema tumbo linamwasha moto, asimkatize kwa kuwa hakuutaja ugonjwa kwa jina la kitabuni. Hapo atakuwa amefaulu zoezi la kusikiliza ambalo hakuna baraza la mitihani linalolisahihisha.

Ninalo ombi. Mazoezi ya vijana yataendelea kila Jumamosi saa nane mchana katika darasa la shule ya Jumapili, nyuma ya kanisa. Wanapungukiwa vifungu na wasomaji. Kama wewe ni nesi, mwalimu mstaafu, askari wa hifadhi, dereva wa masafa au mama wa duka unayekijua Kiingereza hata cha kuombea maji, andika nusu ukurasa kuhusu siku moja ya kazi yako, kwa sentensi fupi, uje uwasomee mara tatu. Wazee msiokijua kabisa mnahitajika zaidi: njoni mtoe kisa kwa Kiswahili au kwa Kisubi, vijana watakigeuza kuwa Kiingereza mbele yenu, na ninyi mtawasahihisha palipopotoka. Madawati yapo, na mlango utakuwa wazi kuanzia saa saba na nusu.