Je, Aliyesaidiwa Aongezewe?

Liko swali ambalo watu huulizana kwa kunong'ona sokoni na barazani, wala si mara nyingi hulijibu kwa kufikiri. Swali lenyewe ni hili: mtu akiisha kupewa msaada wa kununulia chakula kwa sababu ya umaskini wake, je, ni haki aongezewe na mambo mengine juu yake, kama kupunguziwa bei, kusamehewa ada, au kutangulizwa mbele ya wengine? Au msaada mmoja watosha, na kila kinachozidi hapo ni upendeleo? Wako wasemao ya kwamba huyu amekwisha kupata fungu lake, basi lililobaki ni la mwingine. Wako na wasemao ya kwamba maskini ni maskini, apewe yote yanayoweza kutolewa. Naona ya kuwa kila upande umeshika nusu ya neno, na jambo hili lataka kupimwa.

Kwanza tulitazame lilivyo katika nchi yetu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao watu wote huuita TASAF, uliundwa mwaka 2000. Tangu mwaka 2013 ulieneza mpango wa kunusuru kaya maskini, hata ukazifikia kaya zaidi ya milioni 1 Bara na Visiwani. Desturi yake ni kwamba majina hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji. Kisha maswali huulizwa nyumba kwa nyumba na hesabu hufanywa. Ndipo orodha hurudishwa mkutanoni, ili watu waikubali au waikatae. Malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyumba yenye watoto iliongezewa, kwa sharti la mahudhurio ya shule na ya kliniki. Fedha hizo hazikuitwa fedha za chakula. Walakini mwenye njaa akipata fedha, aanza na unga.

Juu ya ruzuku hiyo zilikuja nyongeza. Wenye nguvu katika kaya hizo walipewa kazi za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji, siku 60 kwa mwaka kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, nazo ziliwekwa wakati wa hari, akiba ya chakula inapokwisha ghalani. Tena Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, katika miongozo yake ya miaka ya karibuni, imewataja waombaji waliotoka katika kaya zilizofadhiliwa na TASAF kuwa miongoni mwa wahitaji. Nayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Na ili walipiwe, hapana budi watambuliwe kwanza. Basi twaona ya kwamba jina lililoandikwa kwa ajili ya unga laweza baadaye kuwa ufunguo wa milango mingine.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Katika nchi ya Marekani, mwezi wa Mei mwaka 1939, mji wa Rochester ulianza kutumia stempu za chakula. Mtu alinunua stempu za rangi ya chungwa kwa fedha yake mwenyewe, na kwa kila dola 1 aliyoitoa akapewa bure stempu za buluu za senti 50, za kununulia vyakula vilivyowazidi wakulima. Mpango ule ulikoma mwaka 1943, ukarudi kwa sheria ya mwaka 1964, na mwaka 2008 ukapewa jina jipya la SNAP; nazo stempu za karatasi zikawa kadi. Juu ya kadi hiyo wameongeza mengi. Kuanzia mwaka 2009, katika masoko ya Detroit, mwenye kadi aliyenunua mboga na matunda alipewa thamani nyingine juu yake ili anunue zaidi. Na kuanzia mwaka 2014 majumba mengi ya makumbusho yamepunguza kiingilio, au kukiondoa kabisa, kwa mwenye kadi na jamaa yake.

Sasa tumsikilize mlalamikaji, maana hapana haki pasipo kumsikiliza. Tuseme katika kitongoji kimoja hapa Dumila ziko nyumba mbili zinazopakana. Zote zinalima mahindi, zote zinakodi shamba, na zote huuza mboga njia panda, pale barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Dodoma. Tofauti yao ni debe moja la mahindi. Nyumba ya kwanza iliandikwa, ya pili haikuandikwa. Mwaka wa kwanza waliachana kwa ruzuku tu. Mwaka wa pili nyumba ya kwanza ikapata na kazi za muda. Mwaka wa tano kijana wa nyumba ya kwanza akatazamwa kwanza katika mkopo wa chuo. Yule jirani akiuliza, "Debe moja ndilo lililotutenga hivi?", hatuwezi kumjibu kwa kumwita mwenye husuda. Ameuliza swali la hesabu, naye astahili jibu la hesabu.

Nami naanza jibu hilo kwa kuuliza nyongeza ni kitu gani. Wengi wadhani ni sukari juu ya uji. Sivyo. Tuseme mama amepokea fedha yake leo, akaihesabu kuwa unga wa wiki tatu. Kesho mtoto ashikwa na homa. Mama alipa dawa na nauli, na unga umekuwa wa wiki moja. Wiki ifuatayo shule yataka mchango, na unga umekwisha. Je, mama huyu alisaidiwa chakula? Aliandikiwa chakula, lakini aliyekula ni homa na mchango. Basi kumsamehe gharama ya dawa si kumpa fungu la pili. Ni kulilinda fungu la kwanza lisiibiwe na shida nyingine. Mwenye kutia maji katika mtungi uliotoboka, akiziba tundu, hajampendelea mwenye mtungi. Amefanya kazi yake iwe na maana.

Tena liko jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko hilo. Umaskini hauchoshi mwili tu, huchosha na uso. Mtu akitaka msaada hutakiwa aseme mbele ya watu mambo ambayo mwenye nacho huyasitiri: wamelala na njaa mara ngapi, paa la nyumba ni la nini, mume yuko wapi. Kuyasema mara moja ni uchungu. Kuyasema tena zahanati, tena shuleni, tena ofisi ya kata, kila mahali kwa karani mpya, ni kumvua mtu nguo mara nne kwa jeraha moja. Kwa hiyo nasema kwamba sababu njema ya kuzitumia orodha za msaada kwa mambo mengine ni hii: shida ya mtu isimuliwe mara moja, na wote wenye kumsaidia wasadiki neno lile lile. Hapo hapana upendeleo. Pana heshima tu.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari, nami sitaki tuipite. Orodha yo yote ni kazi ya wanadamu, na wanadamu husahau, hupendelea, na hukosea hesabu. Orodha ikifungua mlango mmoja, aliyesahauliwa amekosa kitu kimoja. Ikifungua milango mitano, aliyesahauliwa amekosa vitu vitano kwa kosa lile lile moja. Tena umaskini haungoji siku ya kuandikwa. Sisi wa Dumila na Magole tulionyeshwa jambo hili mwezi wa Januari mwaka 2014, maji yalipoingia majumbani, mashamba yakafunikwa, na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Mtu aliyelala akiwa na ghala, aliamka hana hata kikombe. Orodha yo yote ya maskini iliyoandikwa Desemba haikumjua mtu huyo Januari. Angesema, "Mimi ni maskini," karatasi ingejibu, "Si wewe."

Basi lile swali la debe moja lina jibu. Jirani hakudhulumiwa kwa kuwa mwenzake ameongezewa. Atadhulumiwa ikiwa kila mlango una ufunguo mmoja tu, naye hana njia ya kuupata. Tunaiona njia iliyo bora katika mambo mengine ya nchi yetu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 haikumtaka mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 5 aonyeshe umaskini wake ili atibiwe bila malipo. Mimba yatosha, na umri watosha. Ada ya sekondari ilipoondolewa, kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, iliondolewa kwa wote, hata nyumba zile mbili zikaingia kwa mlango mmoja. Na Bodi ya Mikopo, pamoja na kuwatazama waliofadhiliwa na TASAF, huwatazama yatima na wenye ulemavu pia. Huko ndiko kuweka milango mingi. Jambo linalohitajiwa na kila mtoto litolewe kwa wote kadiri nchi iwezavyo. Na lile lisilowezekana kwa wote, orodha iwe njia mojawapo, isiwe njia ya pekee.

Limebaki neno la namna ya kutoa. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walakini moyo huo waweza kuharibiwa na ulimi. Sisi Waswahili tunalo neno masimango, nalo ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea hata autamani ubaya. Mwenye duka akimpunguzia mjane bei ya sukari, kisha akapaza sauti, "Huyu ni wa TASAF, mpeni ya bei ya chini," amempa shilingi mia mbili na kumnyang'anya uso wake. Sheria ya Marekani imelitazama hata jambo hili. Mwenye duka haruhusiwi kumtofautisha mwenye kadi ya chakula na wanunuzi wengine: asimpangie mstari wake, asimpandishie bei, wala hata asimpunguzie peke yake ila kwa kibali. Ukiisikia mara ya kwanza utashangaa, kwamba hata punguzo limekatazwa. Lakini ukifikiri utaona hekima yake: anayeweza leo kukutofautisha kwa wema, kesho aweza kukutofautisha kwa ubaya, na wewe umekwisha kuzoea kusimama kando.

Nasi waalimu jambo hili latuhusu. Tuseme shule yachangisha mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana, na kamati imekubali kuwasamehe watoto wa kaya zilizoandikwa. Uamuzi huo ni mwema. Sasa mwalimu aingia darasani na kusema, "Watoto wa kaya maskini wasimame, niwaandike." Watoto saba wasimama mbele ya arobaini. Watakula mchana ule, ni kweli. Lakini kuanzia siku hiyo wamepewa jina jipya uwanjani, na wa nane amebaki ameketi kwa aibu, ingawa jina lake limo, naye hatakula. Hivyo nyongeza ikitolewa kwa aibu huwakosa wale wale iliyokusudiwa kuwafikia. Mwalimu angeweza kuzungumza na mzazi peke yake, kuandika daftarini na kulifunga. Kazi ile ile, mahindi yale yale, wala hapana aliyesimamishwa.

Basi, wasomaji, nasema aliyesaidiwa aongezewe, kwa masharti mawili. Kwanza, nyongeza ilinde msaada wa kwanza na kumwondolea mtu taabu ya kujieleza kila mahali, wala isitangazwe kama zawadi ya mtoaji. Pili, kadiri tunavyotundika mambo mengi juu ya orodha moja, kadiri hiyo hiyo tuiandike kwa uangalifu, tuifungue tena mara kwa mara, na tumwekee njia nyingine yule aliye nje ya mstari kwa debe moja.

Sharti hili la pili liko mikononi mwetu kuliko mikononi mwa ofisi ya mbali. Orodha husomwa mbele ya mkutano wa kijiji, nasi twajua namna tunavyokwenda mikutanoni: wengine hawaji, wengine huja wamechelewa, na wengine husikia jina la ndugu yao asiyestahili wakanyamaza. Kisha miaka mingi hunung'unika njia panda ya kwamba wasiostahili wanapewa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na haki ya mnyonge katika jambo hili ni mtu mmoja tu atakayesimama mkutanoni, jina lisipotajwa, akasema, "Iko nyumba mmeisahau."